Jinsi Kireno Kilivyopanda Mpaka Rangwi

Vijana wangu, hapa Lukozi mnaniita Babu Mreno, na wengine wenu mnadhani ni kwa sababu ya pua yangu. Pua hii ni ya ukoo. Jina nimelipata kazini, maana kwa sehemu kubwa ya maisha yangu nimekula, nimesomesha watoto na nimeezeka nyumba kwa kutafsiri Kireno kwenda Kiswahili na Kiswahili kwenda Kireno. Juzi wawili kati yenu, wale mnaotembeza wageni msituni, mlinikuta napogoa miti ya peasi. Mkanipa shikamoo yangu vizuri, kisha mkaniuliza: "Babu, sisi tunajifunza Kichina kwa simu. Mtu akishajua maneno yote ya lugha, si tayari ni mkalimani?"

Nilicheka. Kisha nikashindwa kuendelea kucheka, kwa sababu swali hilo nililijibu vibaya siku moja, na aliyelipia jibu langu ni mdogo wangu Elizabeti, aliyeko Rangwi. Nitawajibu sasa, ila kwa mwendo wangu. Mzee akipitia kona nyingi, mngojeni mbele.

Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na cheti cha wastani na viatu vya kaka yangu. Nikapata kazi kusini, kwenye kambi ya Wamsumbiji waliokimbia vita vya ukombozi, niwe karani wa stoo. Stoo ile ilikuwa na mahindi, blanketi, sabuni na mimi. Kugawa vitu kwa watu msioelewana ni njia ya mkato ya kuchukiwa. Kuna bibi mmoja alikuja dirishani akasema neno, nikampa sabuni. Akalisema tena kwa sauti kubwa, nikamwongeza sabuni. Mara ya tatu akashika kichwa, akachukua sabuni zote akaenda zake. Alikuwa anataka chumvi. Kesho yake kambi nzima ilipanga foleni mbele ya stoo, kila mtu anasema neno lolote linalomjia, kwa kuwa habari zilishaenea kwamba kuna karani kutoka milimani, ukimfokea anakupa sabuni.

Aliyeniokoa ni Mwalimu Felismina. Alikuwa akifundisha watoto pale kambini, mwanamke mfupi, sauti yake ikifika ng'ambo ya mto. Alinitazama na foleni yangu, akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Wewe, njoo darasani jioni. Utakaa nyuma, na usiwasumbue wenzako." Wenzangu walikuwa na umri wa miaka saba, minane. Nikakaa nyuma. Ndivyo nilivyojifunza Kireno, magoti yakigusa kidevu.

Sasa, mimi nilikuwa kijana mjuaji kama nyinyi. Siku moja nikamuuliza, "Mwalimu, mchana wanaume wenu wanapigana na Wareno, jioni wewe unawafundisha watoto Kireno. Mnapigania nini hasa?"

Hakukasirika. Aliniambia kuhusu baba yake. Zamani za mkoloni, Mwafrika aliyetaka kuhesabiwa kuwa mstaarabu, apate kazi ya maana na asiswagwe kwenda kazi za shuruti, ilibidi athibitishe kwamba anasema Kireno na anaishi kama Mreno. Wakaguzi walikuja nyumbani kwao. Walitazama kama familia inakula mezani kwa uma, kama wanalala kitandani, kama mama akikanyaga mwiba analia kwa Kireno. Baba yake alikuwa amewafundisha wiki nzima. Mkaguzi alipoingia, bibi yao mzee akamkaribisha kwa Kimakua. Karatasi hawakupata.

"Kwa hiyo Kireno kilikuwa ufunguo wa ghala," alisema, "na Mreno aliufunga kiunoni mwake. Miaka mingapi amekaa kwetu? Na wangapi aliwafundisha? Wachache sana. Sisi tunachonga funguo nyingi, tumpe kila mtoto wake."

"Si mngetumia Kiswahili tu?"

"Kaspari, hapa kambini kuna Mmakonde, Mmakua, Myao, na kuna watu wa kusini kabisa ambao Kiswahili hawajawahi kukisikia. Nikichagua lugha ya mmoja, wengine watanuna. Kireno kimemchapa kila mtu, kwa hiyo hakina mpendwa."

Nimekaa na maneno hayo mpaka leo. Watu wanaonunua vitabu vya historia mjini hudhani lugha ya mkoloni husambazwa na mkoloni peke yake. Mkoloni huileta, ndiyo, na huileta kwa meli na bunduki. Wareno walikwenda nayo Brazili, wakawapeleka huko Waafrika kwa minyororo, na wale waliofungwa minyororo ndio waliokuja kuisema kwa wingi na kuipa mwendo wa ngoma. Wakaenda nayo Angola, Bissau, Visiwa vya Kepuvede, mpaka Goa kule India. Lakini kule Msumbiji, waliokisambaza Kireno vijijini hasa ni wale wale waliomfukuza Mreno. Ajabu ya dunia hiyo, na mimi niliishuhudia nikiwa nyuma ya darasa.

Kwetu je? Wareno walikaa pwani yetu miaka mingi, wakajenga ngome, wakafukuzwa. Huku milimani hata kivuli chao hakikupanda. Lakini nenda kwa bibi yako yeyote pale Mlola, ambaye hata Tanga hajafika, umwombe aseme unachokiona nyumbani kwake. Atakwambia meza, leso, foronya, pipa, kopo. Akikasirika atakutishia gereza. Shambani ana nanasi au limau. Yote hayo ni maneno ya Kireno, nayo yamepanda mlima bila Mreno, yakibebwa na wachuuzi, wapagazi na wanawake waliokwenda kutafuta chumvi bondeni. Waliopanda wenyewe ni Wajerumani, nao wametuachia maneno mawili, shule na hela, ingawa hela zenyewe hazikai.

Basi nikawa mkalimani. Vita viliisha, Wamsumbiji wakarudi kwao, nami nikabaki na lugha mkononi kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani. Nikaajiriwa bandarini, kisha maofisini, kisha kila mahali alipotokea mgeni wa Kireno. Niwape mambo machache ya kazi, yatawafaa hata kwa Kichina chenu.

Usikae katikati ya wanaozungumza. Kaa pembeni, nyuma kidogo ya bega la aliyekuajiri, ili wao watazamane. Ukikaa katikati watakuangalia wewe, na utaanza kujiona mtu mkubwa. Usiseme "anasema kwamba". Akisema "nimechoka", sema "nimechoka". Kunywa maji ya vuguvugu, ya baridi yanafunga koo. Kula kabla, maana mkalimani akipewa chakula pamoja na wageni hatakila. Kila akifungua mdomo kwa ajili ya tonge, mtu naye anafungua mdomo kwa ajili ya hotuba. Nimerudi nyumbani na njaa kutoka kwenye karamu kubwa kuliko harusi zote za Lukozi.

Na usidhani lugha moja ni lugha moja. Mara moja walikuja wataalamu wa viazi, Mbrazili kijana na Mmsumbiji mzee, watembelee mashamba yetu. Nikajisemea, leo nitapumzika, hawa watazungumza wenyewe. Mbrazili akaanza, maneno yanateleza kama mtu anayeimba huku anatafuna. Mzee wa Msumbiji akamtazama, akanigeukia mimi, akauliza kwa Kireno, "Amesema nini?" Nikamwambia kwa Kireno. Mbrazili naye hakushika jibu la mzee, akaniangalia. Siku nzima, mimi Msambaa wa Lukozi, nilitafsiri Kireno kwa Kireno baina ya watu wawili waliozaliwa nacho. Wakulima wetu walikuwa wanaangua kicheko kwenye matuta. Mmoja akaniuliza, "Kaspari, hawa wamegombana?"

Kanuni kubwa kuliko zote nilipewa na Mwalimu Felismina siku niliyoagana naye. Alisema, "Ukiwa kazini, hupo. Huna njaa, huna kabila, huna ndugu." Niliishika kama Baba Yetu. Siku moja bwana mkubwa mmoja alimwonyesha mgeni wa upande wa pili, akaniambia kwa Kiswahili, "Mwambie huyu, mkalimani wake ananuka vitunguu." Mkalimani ni mimi. Nikageuka nikasema kwa Kireno kizuri, "Mkalimani wako ananuka vitunguu." Mgeni akaninusa, akasema, "Ni kweli." Nikamrudishia bwana mkubwa: "Ni kweli." Kazi ikaendelea. Nilijivunia kisa hicho miaka mingi, nikawasimulia wote. Sasa mtaona kiliponifikisha.

Elizabeti, mdogo wangu, aliolewa Rangwi, akafiwa na mume mapema. Ana binti watatu, wote wameolewa mbali, na mtoto wa kiume mmoja, Daudi, wa mwisho. Daudi ni fundi seremala. Alikwenda kutafuta kazi Msumbiji, akafika upande wa Montepuez, na huko akampenda msichana wa Kimakua aitwaye Anastasia. Akatuma habari: anataka kuoa, njooni mnipelekee posa.

Elizabeti alifurahi kwa namna yake, yaani alianza kufanya kazi. Akapaka chokaa chumba cha uani. Akaagiza kitanda. Siku tunaondoka alinishika mkono pale stendi, akaniambia, "Kaka, mimi sina neno na Mmsumbiji. Hata angetoka mwezini. Ninachotaka, uniletee mwanangu na mkewe waje waishi hapa. Nyumba hii imekuwa kubwa mno kwangu peke yangu."

"Nitawaleta," nikasema. Nilisema kirahisi kama mtu anayeahidi kuleta gazeti.

Tulikwenda watu watatu. Kiongozi wa msafara alikuwa Mzee Barnaba, kaka mkubwa wa marehemu baba yake Daudi. Mnajua mila yetu: mjomba ana heshima yake na ana sehemu yake, lakini neno la posa hutolewa na upande wa baba. Wa pili alikuwa binamu wa Daudi, wa kubeba mizigo. Wa tatu mimi. Na mimi, njiani, nikatoa ushauri wa kitaalamu ambao hakuna aliyeniomba.

"Barnaba," nikamwambia, "tukifika usiseme mimi ni mjomba wa kijana. Nitambulishe kama mkalimani tu. Mkalimani akijulikana ni ndugu, kila neno lake litashukiwa."

"Wewe ndiye mwenye kazi yako," alisema Barnaba. "Mimi nitasema nini kuhusu Kireno?"

Tulifika. Barnaba alikuwa amevaa koti lake zito la sufi, lile la Lushoto la mwezi wa saba, kwa sababu mtu haendi kuposa bila koti. Jua la kule halikulijua koti hilo. Kikapu cha peasi tulichobeba kama zawadi kilikuwa kimeshakuwa uji. Daudi alitupokea, akatuonyesha nyumba, kisha akatoka nje, maana mwoaji hasemi katika posa yake.

Ndani walikaa wazee wao. Baba wa Anastasia alikuwa karibu na mlango, ametulia, anasokota kamba. Katikati, kwenye kigoda, alikaa mzee mwembamba mwenye kofia ya majani, Mzee Alberto, kaka wa mama yake Anastasia. Mimi nikamkalisha Barnaba aelekee kwa baba wa binti, nikakaa nyuma ya bega lake, nikaanza.

Barnaba alisema vizuri. Na mimi, niwaambie ukweli, sikuwahi kutafsiri vizuri kama siku ile. Kireno kilinitoka kama maji ya maporomoko ya Mkuzi. Tukazungumza ukoo, dini, kazi ya kijana, tabia yake. Lakini kila tulichosema, baba wa binti alisokota kamba tu, na aliyejibu ni Mzee Alberto, kwa Kireno cha polepole.

Barnaba akaniinamia, akaninong'oneza kwa Kiswahili, "Shemeji, baba wa binti mbona hasemi? Bubu?"

"Nyamaza, nafanya kazi," nikamnong'oneza.

"Na huyu mzee wa kofia mbona anakutazama wewe tu, shemeji?"

Nikaona mdomo wa Mzee Alberto umecheza kidogo. Nikadhani ni nzi.

Kisha Mzee Alberto akauliza, "Kijana huyu ana mama. Je, mama yake ana kaka?"

Nikatafsiri. Barnaba akasema, "Anaye."

"Yu hai?"

"Yu hai."

"Amekuja?"

Barnaba alinitazama. Nami nikatazama ukuta, kama kanuni inavyotaka. Alijikuna chini ya koti, jasho linamtiririka, akasema, "Mwambie hakuja. Ana shughuli nyingi."

Nikafungua mdomo wangu mwenyewe, nikasema kwa Kireno kisichokuwa na doa, "Mjomba wa kijana hakuja. Ana shughuli nyingi."

Mzee Alberto akanitazama machoni. "Mkalimani, una hakika?"

Swali lilikuwa langu. Mtoto mdogo angejua kwamba swali ni langu. Mimi nikamgeukia Barnaba: "Anauliza, una hakika?"

"Hakika kabisa," akasema Barnaba.

"Hakika kabisa," nikasema.

Mzee Alberto akavua kofia, akaiweka gotini. "Basi," alisema. "Wageni wapewe chakula, wapumzike. Kesho warudi kwao salama." Na hayo nayo niliyatafsiri, neno kwa neno, mpaka "salama".

Daudi alipoambiwa alikwenda kukaa nyuma ya nyumba. Asubuhi nilimkuta palepale, macho mekundu, akaniuliza, "Mjomba, tulikosea wapi?" Nilikuwa sijui. Nikamwambia nitakwenda kumwuliza Mzee Alberto mwenyewe, bila Barnaba, bila koti.

Nilimkuta shambani kwake, anapalilia mihogo. Nikamsalimia kwa Kireno, kwa heshima zote. Akanyoosha mgongo, akaegemea jembe.

"Sema Kiswahili," alisema kwa Kiswahili. "Koo lako limefanya kazi sana jana."

Nilisimama kama nguzo ya simu.

"Onga mshi," akaongeza, kwa Kisambaa, salamu ya mchana, ingawa ilikuwa asubuhi. "Nimesahau ile ya asubuhi."

Akanieleza. Ujana wake, wakati wa Mreno, walilazimishwa kulima pamba, na ukishindwa unaswagwa kwenda kazi za barabara. Maneno ya Kireno aliyoyajua yalikuwa mawili, la kuhesabiwa na la kunyamazishwa, na aliapa hatajifunza la tatu. Alikimbia, akavuka Ruvuma, akatembea na wenzake mpaka kwenye mashamba ya katani, kule bondeni, chini kabisa ya milima yetu. Alikata mkonge akitazama Usambara juu. Wanawake wetu walishuka na vikapu vya matunda ya plamzi na viazi, wakamuuzia, wakamcheka anavyosema. Nchi yake ilipopata uhuru alirudi. Akiwa mtu mzima mwenye mvi, akaingia darasa la jioni, akafundishwa Kireno na mpwa wake mwenyewe, na dada yake, mama wa Anastasia, akiwa dawati moja naye.

"Nilikikataa Mreno alipokuwepo, nikakisoma alipoondoka," alisema. "Sasa ni changu. Huwa nakitumia kwenye mambo mazito."

"Mzee, kwa nini jana hukusema unajua Kiswahili?"

"Watu wanakuja kumchukua mtoto wetu. Nisingetaka kujua wanasema nini wakidhani hawasikiwi?" Alipiga jembe mara moja, akang'oa gugu. "Nikamsikia yule wa koti anakuita shemeji. Nikajua wewe ni nani. Nikasema moyoni, vizuri, mjomba wake amekuja, ana haya tu. Nimsaidie. Nikakuuliza. Nikakuuliza tena."

"Nilikuwa kazini," nikasema. Hata masikioni mwangu lilisikika kama neno la mtoto aliyevunja chungu.

"Kwetu mtoto ni wa mama na wa kaka wa mama. Baba anampenda, lakini mimi ndiye mwenye kujibu. Na kwetu mwanamume huja kuishi kwa mkewe, hatumtoi binti. Lakini milima ile naijua. Ina maji. Nilikuwa nimeshakubali moyoni Anastasia aende. Nilikuwa nangoja jambo moja, mjomba wa kijana aseme mbele ya watu: mimi ni fulani, huyu ni wangu, binti yenu akilia huko, mimi nitasikia. Basi."

"Nasema sasa, Mzee. Mimi ni Kaspari, kaka wa mama yake Daudi. Akilia, nitasikia."

"Nimekusikia," alisema, bila hasira. "Na ninakuamini. Lakini dada yangu alikuwa jana pale ndani, na shangazi za Anastasia, nao walisikia kwamba kijana huyu mjomba wake ana shughuli nyingi. Siwezi kurudi leo niwaambie wampeleke mtoto mahali ambapo mjomba alikaa nyuma ya bega akajikana. Ataolewa. Kijana ni mzuri, anafanya milango mizuri. Lakini watakaa hapa."

Nilijaribu maneno yote niliyonayo, kwa lugha zote tatu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanipa jembe la pili. Tulipalilia pamoja mpaka jua likawa kali. Aliniuliza kama wanawake wa Kisambaa bado wanashuka bondeni na plamzi. Harusi ilikuwa nzuri. Barnaba alivua koti, akacheza.

Niliporudi Rangwi, Elizabeti alikuwa amesimama mlangoni, amevaa kitenge kipya. Alitazama nyuma yangu, barabarani, kisha akanitazama.

"Wanakuja na gari la nyuma?"

Nikamweleza yote, kama nilivyowaeleza nyinyi.

"Kwa hiyo uliulizwa kama mjomba yupo, na wewe ukasema hayupo."

"Nilitafsiri, Eliza."

"Ulitafsiri," alisema. Akaingia ndani, akafunga mlango wa chumba cha uani, kile chenye chokaa. Kwa muda mrefu baada ya hapo, nikimtembelea alinipa chai na kunijibu habari za mvua.

Sasa mnaniuliza kuhusu maneno. Maneno mtayapata, hata kwenye simu. Kanuni ya kazi nayo ni nzuri, na nitaitetea mbele ya mwajiri yeyote. Kwenye ofisi, usiwepo. Lakini kuna vikao ambavyo mtu haendi kama kazi, na mimi nilichukua heshima ya kazi nikaipeleka mahali palipotaka mjomba. Nilikuwa najua jinsi Kireno kilivyofika Brazili, na sikujua nimeketi mbele ya nani. Mkiitwa kutafsiri kwa watu wenu, kataeni, mwende kama ndugu, na mtafute mgeni atafsiri, hata kama anatafsiri vibaya.

Mzee Alberto amekwisha kutangulia. Daudi ana karakana na watoto watatu. Anakuja nyumbani akiweza. Mara ya kwanza alipomleta binti yake mkubwa, Lusia, mtoto alikuwa na miaka kama sita. Kwao anasema Kimakua na bibi yake wa kule, shuleni Kireno, na baba yake, mvivu wa kumfundisha lugha zetu, kila nikimgombeza anasema, "Watajifunza tu, mjomba." Basi mtoto akasimama mbele ya Elizabeti, wakatazamana, wote wawili wana kidevu kilekile, na hakuna aliyekuwa na neno la kumpa mwenziwe. Elizabeti akampa ndizi. Mtoto akala. Akampa nyingine. Alipoondoka, Elizabeti alilia jikoni, akasingizia moshi.

Tangu hapo simu ikipigwa Jumapili baada ya misa, ilikuwa lazima mimi nitoke Lukozi, nikae baina yao. Lusia anasema Kireno, nasema Kisambaa. Elizabeti anasema Kisambaa, nasema Kireno. Mpaka siku moja akanizuia mkono.

"Usiniambie alichosema. Nifundishe nimwambie mwenyewe."

"Eliza, kwa umri huu?"

"Wewe ulianza na watoto wa miaka saba. Mimi huyu wangu ana tisa, nimekuzidi."

Akawa mwanafunzi wangu, na mwanafunzi mgumu sana. Vitenzi hataki. Anataka bidhaa iliyo tayari. "Nipe la 'umekula nini'. Nipe la 'nani amekuudhi'. Nipe la 'nionyeshe meno yako'." Anayarudia akichota maji, akipanda viazi, na majirani wamezoea. Padri alimsikia nje ya kanisa, akadhani ni Kilatini, akampongeza. Matamshi yake yangemuua Mwalimu Felismina. Mtu wa Lisboni asingeelewa hata moja. Lusia anaelewa yote.

Jumapili iliyopita simu ililia, uso wa Lusia ukajaa kwenye kioo, akaanza kumimina habari kwa kasi, kitu kuhusu mwalimu na mbuzi. Nikasafisha koo. Elizabeti akainua kiganja.

"Nimesikia," akasema.

Akamjibu. Nusu Kireno, nusu Kisambaa, na katikati kulikuwa na neno ambalo si la popote, naona wamelitunga wenyewe. Mtoto akacheka mpaka simu ikatikisika. Nikasogea nimsahihishie dada yangu kitenzi.

"Kaka," alisema bila kuniangalia, "nenda jikoni katazame maharage, yataungua."

"Mbona sisikii harufu?"

"Yataungua tu. Nenda."

Nikaenda. Yalikuwa hayajaungua. Nikayakoroga hata hivyo, nikakaa pale jikoni, nikiwasikia wanacheka.